Babu yumo, mjukuu yuko mlangoni, baba yuko nje

Barua ya wazi kwa viongozi wa National Football Foundation, Irving, Texas

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Arlington, jirani zenu. Lori langu likitoka yadi alfajiri hupita njia ya kwenu kabla hamjafungua ofisi. Huenda hapo Irving hakuna hata mmoja anayesoma Kiswahili, na bado nimeandika kwa Kiswahili, kwa sababu ubishi wenyewe, wa kocha gani anastahili kuingia ukumbini mwenu, tumeubishania kwa lugha hii: madereva wanne, kila mmoja na barabara yake, tumeunganishwa kwenye simu moja usiku kucha ili tusisinzie. Isitoshe, barua ya wazi husomwa kwanza na wapita njia, ndipo imfikie mwenyewe.

Kwa wapita njia hao niseme tu kwamba futiboli ninayoizungumzia si ile ya Simba na Yanga. Ni ya Wamarekani, ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, na hasa ile ya vyuo vikuu, ambayo huku Texas Jumamosi yake ni kama sikukuu. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Unaweza kukimbia nao au kuurusha. Kwa miaka mingi wakubwa wa mchezo huu waliamini kwamba mwanamume hukimbia nao, na kurusha ni kwa walioishiwa. Haya, tuendelee.

Mwezi Mei 2025 mlitangaza kwamba sharti la kocha kupigiwa kura ya kuingia kwenye ukumbi wenu wa mashuhuri, ule wa Atlanta, limelegezwa. Zamani kocha alipaswa awe ameshinda angalau asilimia 60 ya mechi zake. Kuanzia kundi la 2027 ni asilimia 59.5. Nusu ya asilimia moja! Kila anayefuatilia mchezo alijua papo hapo ni nani aliyefunguliwa mlango. Mike Leach, aliyefariki Desemba 12, 2022 akiwa na miaka 61, bado kocha wa chuo cha Mississippi State, aliacha mechi 265 na ushindi 158. Gawanya mwenyewe: asilimia 59.6.

Mimi ni mtu wa mizani. Kazi yangu ni kupimwa barabarani, na najua lori likizidi kilo chache tu linavyowekwa pembeni. Basi nilikaa na hesabu yenu usiku mmoja pale Sweetwater nikisubiri mzigo, nikakuta jambo ambalo sidhani mmelitangaza. Asilimia 60 ya mechi 265 ni 159 kamili. Leach alikosa mlango wa zamani kwa mechi moja. Sasa shuka chini: angekuwa na ushindi 157 badala ya 158, angekuwa na asilimia 59.2, na hata mlango wenu mpya usingemtosha. Kwa hiyo mechi moja juu angeingia tangu zamani, mechi moja chini asingeingia hata leo. Hicho ndicho kipimo mnachotumia kupima maisha ya mtu.

Na mechi hizo tunazijua. Septemba 21, 2019, mjini Pullman, Washington State, chuo alichofundisha Leach wakati huo, inaongoza UCLA 49 kwa 17 kipindi cha tatu. Kijana wake Anthony Gordon anarusha mipira tisa ya kufunga usiku huo, tisa, na bado wanapoteza mpira hovyo mpaka wanafungwa 67 kwa 63. Wangeilinda ile tu, hakuna ambaye angehitaji kubadili sheria. Kwa upande mwingine, Desemba 2006 timu yake ya Texas Tech ilikuwa nyuma 38 kwa 7 dhidi ya Minnesota, watu wanatafuta funguo za magari, ikarudi na kushinda 44 kwa 41 kwenye muda wa nyongeza. Wasingerudi, leo tusingekuwa na barua hii.

Lakini iliyo moyoni mwangu ni ya Novemba 1, 2008, kwa sababu nilikuwapo, kwa namna yangu. Nilikuwa naosha vyombo jikoni kwenye hoteli moja ya Lubbock, mwaka wangu wa pili Marekani, na futiboli kwangu ilikuwa watu wanaoangukiana. Mpishi alikuwa ameweka televisheni ndogo juu ya rafu ya viungo, imeelemea pipa la chumvi. Timu ya chuo cha Texas, namba moja nchini, wametoka nyuma na kuongoza 33 kwa 32, imebaki dakika moja na nusu hivi. Texas Tech ya Leach, chuo cha hapo Lubbock, wanausogeza. Kisha mrushaji Graham Harrell anarusha, mpira unagonga mikono, unapaa, na beki mmoja kijana wa Texas yuko chini yake peke yake. Ulimwangukia mikononi. Ukamponyoka. Mpishi, aliyekuwa ameshaanza kutukana, alinyamaza kama amemwagiwa maji. Jaribio lililofuata Harrell alimpata Michael Crabtree pembeni kabisa mwa uwanja. Crabtree akamkwepa mlinzi, mguu ukabaki ndani ya mstari, akaingia. Sekunde moja imebaki. 39 kwa 33. Nilikuta nimeshika sahani iliyovunjika na sijui nimeivunja saa ngapi.

Sasa niambieni. Yule kijana wa Texas angeudaka ule mpira, mchezo ungeishia pale, Leach angebaki na 157, na kwa sheria yenu mpya bado angekuwa nje. Sifa ya kocha wa miaka 21 imening'inia kwenye vidole vya mtoto wa timu pinzani. Siwalaumu kwa kuwa na sheria. Nawalaumu kwa kuikata suruali kwa kipimo cha mtu mmoja halafu kuiita sare ya wote.

Naam, mtasema si mtu mmoja. Les Miles naye anapita. Miles alikuwa na asilimia 66, akachukua ubingwa wa taifa wa 2007 na LSU, kisha mwaka 2023 chuo hicho kikafuta ushindi 37 katika rekodi yake kwa makosa ya malipo, asilimia ikashuka hadi 59.7, na mwaka uliofuata akaenda mahakamani kwa ajili ya mlango huo huo wenu. Mechi zilichezwa, watu walishangilia, wakalewa, wakarudi makwao. Karani akachora mstari na hazipo tena. Mimi naona huyu anazidi kunipa hoja, hawapunguzii ninyi lawama. Namba inaweza kubadilishwa na wino bila mpira kuguswa.

Turudi kwenye ubishi wa simuni, maana ndiko barua ilikozaliwa.

Tuna mzee wetu wa Lubumbashi ambaye sote twamwita Papa. Yeye alianza huku Iowa, kiwanda cha nyama, kabla ya kupata leseni ya lori, na anaijua historia ya futiboli ya vyuo vidogo kuliko Wamarekani wengi ninaokutana nao. Usiku ule sheria ilipotangazwa mimi nilikuwa nashangilia. Papa akaniacha nimalize, akasema: "Mutoto yangu, huyu alikuta bukari ilishaiva. Yeye alipakua tu." Bukari, kwa msiojua, ni ugali.

Aliyepika, kwa maneno ya Papa, ni Hal Mumme. Mwaka 1989 Mumme alichukua timu hoi ya Iowa Wesleyan, chuo kidogo katika mji wa Mount Pleasant, akamwajiri Leach, mwanasheria aliyesomea Pepperdine na kuiacha sheria kabla hajaianza, mtu ambaye hata futiboli ya chuo hakuwahi kuicheza. Mwaka huo huo Leach alikuwa ametoka kufundisha timu ya Pori kule Finland, tafadhali. Wakiwa wawili wakaujenga mfumo unaoitwa Air Raid: kurusha, kurusha, na kurusha tena. Wakahama pamoja hadi Valdosta State, Georgia, mwaka 1992, kisha Kentucky 1997. Mkuu alikuwa Mumme. Jina kwenye mlango wa ofisi lilikuwa la Mumme. Pale Kentucky kijana wao Tim Couch alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye NFL, ligi ya kulipwa, mwaka 1999. Kwa hiyo wanaosema Leach ndiye aliyeupeleka mfumo kwa wakubwa wanaruka ukurasa mzima.

Kaka yetu wa Eldoret hakukubali. "Papa, heshima yako, lakini kupakua pia ni kazi. Ni wangapi wamepewa mwiko wakamwaga?"

Hapo dada wa Mwanza, ambaye husema kidogo kwa sababu yeye hubeba magari na akili yake iko kwenye minyororo, akauliza swali moja tu: "Na aliyelima mahindi?"

Kimya. Sauti za injini nne.

Aliyelima ni LaVell Edwards, kocha wa Brigham Young kuanzia 1972 hadi 2000, bingwa wa taifa wa 1984, ambaye alirusha mpira wakati kurusha kulikuwa kama uzushi. Leach alisoma chuo hicho na kuutazama mchezo ule akiwa jukwaani. Mumme aliuchukua na kuupunguza mpaka ukabaki na michezo michache, yaani mipango ya kushambulia, ya kufundishika kwa vijana wa kawaida. Edwards yumo ukumbini mwenu tangu 2004, na anastahili. Ndipo nilipoona kilichokuwa kinanisumbua. Babu yumo. Mjukuu mmemchongea mlango wake mpya, yuko kizingitini. Baba, aliyeuchukua mfumo kwa babu na kumkabidhi mjukuu, yuko nje, na kwa sheria zenu atabaki nje milele, kwa sababu Mumme alifundisha zaidi vyuo vidogo visivyo na wachezaji, na jumla yake kama kocha mkuu ana vipigo vingi kuliko ushindi.

Msinielewe vibaya kwamba nimemhama Leach. Sijamhama, na Papa hajanishinda kabisa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya Leach ni kubwa. Alichofanya ni ukaidi. Kwa miaka kumi Texas Tech, kuanzia 2000, katikati ya Oklahoma na Texas zenye kila kitu, alishikilia michezo ile ile michache, ikirudiwa mazoezini mpaka miguu ya vijana ikawa inajua njia yenyewe. Makocha wenzake hutembea na karatasi kubwa ya plastiki iliyojaa rangi kama orodha ya mgahawa wa Kichina. Yeye alishika kikaratasi kilichokunjwa, cha kutosha viganjani. Nimeiangalia mikono yake kwenye televisheni mara nyingi kuliko nilivyoangalia mpira: anakifungua, anakodolea macho, anakikunja tena. Mlikuwa mkiona kikaratasi, mimi nilikuwa naona mtu anayejua mzigo wake hadi boriti ya mwisho.

Mwaka 2003 mrushaji wake B.J. Symons alipata yadi 5,833, rekodi ya nchi nzima iliyokaa hadi 2021. Ushindi 84 Lubbock, kwenye uwanda wa pamba na upepo ambako hakuna mtoto mwenye kipaji anayeota kwenda kusoma. Kisha Washington State, ambayo miaka minne kabla yake ilishinda mechi 9 tu. Mwaka 2018 aliifikisha ushindi 11, ambao haikuwahi kuufikia. Wenye kufundisha Alabama na Ohio State wana asilimia nzuri sana. Nami ningekuwa na rekodi nzuri ya mafuta kama ningeshuka milima tu.

Na kuna sifa ambazo hesabu yenu haiwezi hata kuziona. Mwaka 1999 Leach alikuwa msaidizi Oklahoma, msimamizi wa mashambulizi. Kabla ya mechi na Texas aliandika orodha ya uongo ya michezo yao ya mwanzo, akahakikisha imeanguka uwanjani pale wapinzani watakapoiona. Wakaiokota, wakaiamini, na Oklahoma ikaongoza 17 kwa 0 kabla hawajashtuka. (Texas ilishinda hatimaye, 38 kwa 28. Ujanja una mwisho wake.) Mwaka huo huo alimleta Josh Heupel, mrushaji aliyemtoa chuo kidogo cha Snow, Utah. Leach akaondoka kwenda Lubbock. Msimu uliofuata Oklahoma, na Heupel yule yule, na mashambulizi yenye mbegu ile ile, wakawa mabingwa wa taifa. Kwenye 158 zake hakuna hata chembe ya ubingwa huo. Wala hakuna Lincoln Riley, aliyekuwa mrushaji wa akiba Lubbock na kugeuzwa msaidizi angali mwanafunzi, ambaye baadaye alitoa washindi watatu wa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Wala Kliff Kingsbury, mrushaji wake wa kwanza, ambaye alirudi Texas Tech kama kocha na kumfundisha Patrick Mahomes, leo nyota wa NFL. Wala Sonny Dykes, aliyeifikisha TCU fainali ya taifa Januari 2023, wiki nne baada ya mwalimu wake kufariki. Hata nyumbani Dar wanamjua Mahomes sasa. Mto ule ulipita kwa Leach. Haukuanzia kwake.

Upande wa pili nao usifichwe. Leach hakuwahi kutwaa ubingwa wa ligi yake, mahali popote, miaka yote 21. Dhidi ya mahasimu wao wa Washington alishinda mara 1, akafungwa 7, na mara kadhaa ilionekana wazi kwamba wapinzani wameshausoma ule wimbo wake mmoja na yeye anauimba tu. Huo ukaidi ninaousifia ndio huo uliomgharimu. Mwishoni mwa 2009 Texas Tech ilimfukuza kwa madai kwamba alimtesa mchezaji aliyekuwa na jeraha la kichwa kwa kumtenga gizani. Alikana, akashtaki, na mahakama zikamwambia chuo cha serikali kina kinga. Lubbock mpaka leo haijakubaliana juu ya jambo hilo. Nenda kwa kinyozi yeyote uulize, utakaa mpaka jioni. Na mwaka 2020 alisambaza mzaha wenye picha ya kitanzi, akiwa kocha Mississippi, jimbo ambalo kitanzi si mzaha kwa mtu mweusi. Aliomba radhi. Mimi ni mtu mweusi niliyempenda, na nilikaa na simu mkononi siku ile bila kujua nimwambie nini mpishi wangu wa zamani aliyenitumia.

Kwa hiyo naomba nini?

Mpigieni kura Leach. Aingie. Lakini msiingize ile namba, ingizeni mtu: maelezo yake pale Atlanta yaseme alikuwa nani na alikipata wapi alichokuwa nacho, yamtaje Mumme kwa jina katika sentensi ya kwanza, na yautaje mwaka 2009 bila kuupaka chokaa. Mgeni wa kizazi kijacho akisoma pale aondoke na ubishi mkononi kama tulivyo nao sisi.

La pili ni zito zaidi. Tengenezeni njia ya kupigiwa kura kwa watu walioubadili mchezo bila kuwa na asilimia. Ukumbi wenu una wachezaji na makocha, na makocha mnawahesabia ushindi kama wahasibu. Mtu aliyebuni namna ya kucheza ambayo leo inaonekana kila Jumamosi, kuanzia shule za sekondari za Texas magharibi, anapimwa kwa vipigo alivyokula kwenye vyuo ambavyo hata basi la timu lilikuwa la kuomba. Mkiweza kushusha mlango kwa nusu asilimia kwa ajili ya marehemu aliyependwa, mnaweza kutoboa dirisha kwa ajili ya mwalimu wake. Na mkilitoboa, semeni wazi mnalitoboa kwa nani na kwa nini. Hakuna aliyechukia kwamba mlimfikiria Leach. Kilichokera ni kutuletea sheria ya jumla yenye vipimo vya kiatu chake na kutuangalia usoni.

Papa alinipa neno moja la kuongeza, nikamwahidi nitaliweka. Iowa Wesleyan ilifunga milango yake mwaka 2023, miezi michache baada ya kifo cha Leach. Papa alipita Mount Pleasant na mzigo wa mahindi mwaka huo, akasimamisha lori karibu na chuo, akashuka. Anasema alitembea mpaka karibu na uwanja, akasimama kwenye ua wa waya. Hapakuwa na timu, wala mlinzi wa kumfukuza. Akarudi kwenye lori akatupigia, akatueleza anachokiona: nyasi tu, na baridi.

Wenu katika ubishi,

Dereva wa lori, Arlington, Texas
(kwa niaba ya wanne wa simuni; dada wa Mwanza anasema yeye bado anampigia kura babu)